Mikorosho ya Mpakani

Nilimshukuru mwizi mbele ya watu, nikiwa nimesimama, na kipaza sauti mkononi. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linaloniuma kuliko yote yaliyofuata. Ilikuwa arobaini ya mama yangu mkubwa, kijijini kwetu upande wa Chiola, na familia ilinituma nitoe neno la shukrani kwa majirani. Nikawashukuru waliochota maji, waliopika, waliolala msibani. Halafu nikamgeukia mzee mmoja aliyekaa jamvini mstari wa mbele, jirani yetu wa shamba, ambaye tangu utotoni namwita mjomba ingawa hatuna damu moja. Nikasema kwamba tangu mama yangu augue, mjomba huyu ndiye anayetusafishia mikorosho ya mpakani bila kuombwa, Mungu amlipe. Watu wakaitikia amina. Yeye akainamisha kichwa, eti anaona haya kusifiwa. Kesho yake nikampelekea mkewe doti ya khanga na sukari kilo mbili.

Shamba ni la mama. Alipewa na mama yake, kwa kuwa kwetu Wamwera ardhi ilikuwa ikifuata upande wa wanawake, na baba alipoingia pale aliingia kama mkwe. Mikorosho mingine mama aliikuta. Ile ya mpakani, safu moja ya miti kumi na minane upande wa magharibi, aliipanda mwenyewe akiwa amenibeba mgongoni. Nje ya safu hiyo akapanda mikonge, mmoja mmoja, mpaka kwenye korongo. Hatukuwa na nguzo za zege shambani. Mkonge ukiuona umesimama peke yake kati ya mashamba mawili unajua hapo umefika kwa mtu mwingine. Safu ile iko karibu na bonde na inazaa kuliko zote. Korosho zake mama alikuwa akizitia kwenye gunia la peke yake, akiliita gunia la mwalimu, wakati mimi mwalimu mwenyewe nilikuwa bado nalia nikipelekwa shule.

Kisha mama akateleza uani akavunjika nyonga. Nikamchukua tukakaa wote Ruangwa mjini, ninakofundisha shule ya msingi. Alikaa kwangu misimu mitatu. Kila asubuhi aliuliza kama Chiola mvua imenyesha, na kila jioni aliuliza kama mikorosho imesafishwa. Nilikuwa nimeweka kibarua wa kuhudumia shamba, lakini kibarua ni kibarua, anaishia pale anapochoka. Safu ya mpakani, iliyo mbali na kibanda, aliniambia ameikuta imekwishafyekwa na jirani. Nikafurahi. Nikamwambia mama, naye akafurahi.

Hapa lazima nieleze kosa langu, maana mtu wa mjini asingeweza kulifanya hata angetaka. Kwetu, pori likishakauka, moto wa mwinda panya mmoja unaweza kumaliza mashamba ya kijiji kizima. Kwa hiyo jirani akiona upande wako una nyasi, anavuka mpaka na kukufyekea safu ya mwisho. Anakulinda na anajilinda. Wewe ukirudi unamshukuru, na usiposhukuru unaonekana huna adabu. Lakini kuna desturi nyingine inayokaa bega kwa bega na hiyo: anayeusafisha mti kwa ajili ya msimu ndiye anayeokota korosho zake. Watu wazima hutenganisha mambo hayo mawili kwa swali moja tu. Wanauliza, umefyeka kwa ajili ya moto, au umefyeka uokote? Hilo swali nalijua tangu nikiwa mtoto. Sikuliuliza. Nilikuwa na mgonjwa, nilikuwa na madaftari ya kusahihisha, nikaona nimepata jirani mwema, nikakimbilia kipaza sauti.

Msimu wa nne mama alianza kutembea kwa fimbo, akasema anataka kuona shamba lake. Tukapanda gari mpaka Nachingwea, tukalala kwa ndugu, asubuhi tukachukua bajaji mpaka njia ilipoishia. Ufuta ulikuwa umeshavunwa, mabua yamesimama makavu. Mama alitembea polepole akihesabu safu kwa fimbo, akigusa shina la kwanza la kila safu. Alipofika safu ya kumi na moja akakuta vibarua wawili wa jirani wanafagia chini ya mikorosho ya safu ya kumi na mbili, ile ya mpakani. Akawauliza wanafagia kwa nani. Wakamtajia jirani, wala hawakusita, kwa sababu kwao halikuwa jambo la kuficha.

Mikonge haikuwepo. Ilikuwa imeng'olewa na mashimo yamefukiwa. Badala yake, kati ya safu ya kumi na moja na ya kumi na mbili, kulikuwa na njia nyeupe, imekanyagwa ikakomaa. Jirani alipoitwa alikuja na koti lake la Ijumaa, akamwamkia mama vizuri, akampa pole ya nyonga, akauliza na habari za Ruangwa. Kisha akasema mpaka ni njia. Tangu enzi za wazee mpaka ni njia. Alisema kwa sauti ya upole kabisa, sauti ya kumwelekeza mgeni kisima kilipo.

Njia ile nilikuwa naifahamu, na hilo ndilo lililonipandisha hasira. Ilichongwa na kwato za ng'ombe. Miaka michache nyuma ilihamia kijijini kwetu familia moja ya wafugaji kutoka huko kanda ya ziwa, na ng'ombe wao walikuwa wakipita shambani kwa mama kwenda bondeni kunywa maji. Nilikuwa mmoja wa waliopiga kelele sana kwenye mkutano wa kijiji kwamba watu hawa waondoke, wametukuta na mipaka yetu, hawajui mkorosho ni nini. Jirani alikuwa amekaa palepale akinipigia makofi. Sasa njia ya ng'ombe aliowachukia imekuwa kwake njia ya wazee.

Nilitaka nimalizane naye siku ileile. Mama akanishika mkono akasema twende kwa watu wenye kazi yao. Tukapeleka malalamiko kwenye baraza la ardhi la kijiji, watu saba, wanne wanaume na watatu wanawake, wote ninawafahamu. Kazi ya baraza lile kisheria ni kusuluhisha, halina mamlaka ya kumpa mtu ushindi. Nilijua hivyo kwa maneno tu. Sikujua kusuluhishwa kunavyokuwa pale ambapo mmoja ameibiwa na mwingine ameiba.

Siku ya shauri mke wa jirani alikuja amejifunga khanga yangu. Upande mmoja kiunoni, upande mmoja kichwani. Sidhani kama alikusudia ubaya, ilikuwa khanga mpya na ile ilikuwa shughuli ya watu, lakini nilishindwa kutazama kwingine. Mama alieleza kwa Kimwera jinsi alivyopanda, mti kwa mti, hata ule ulioliwa na mchwa akaurudishia. Jirani alipopewa nafasi hakubishana na lolote. Alisema tu kwamba amesafisha safu ile misimu mitatu, ameokota misimu mitatu, kweupe, na mwenye malalamiko alikuwa na habari zote.

"Mwalimu mwenyewe alisimama kwenye arobaini akanishukuru," akasema. "Akamletea mke wangu zawadi. Mtu huwa anamshukuru mwizi?"

Watu walicheka. Hawakucheka sana, lakini nilisikia. Mama alinitazama, kwa sababu habari za khanga sikuwa nimemwambia, na katika maisha yangu sijawahi kutamani kuwa mahali pengine kama dakika ile. Nikajieleza kwamba nilishukuru kwa ajili ya moto. Mwenyekiti akaniuliza kama nilitamka neno moto. Sikulitamka.

Walijadiliana nje, wakarudi na suluhu yao. Tugawane. Miti tisa kwa mama, miti tisa kwa jirani, ujirani uendelee. Mwenyekiti alieleza kwa maneno mazuri kwamba miti isituharibie undugu, kwamba mama ni mtu mzima na miti kumi na minane ni mingi kwa mtu anayetembea kwa fimbo. Niliwauliza, mtu akiingia kwangu akachukua kuku wanne, mnanisuluhisha kwa kunirudishia wawili? Nikaambiwa nipunguze jazba. Kila mwanamke aliyewahi kudai chake mbele ya baraza ameambiwa apunguze jazba, na kila mara anayemwambia ni yule ambaye shamba lake halijaguswa. Mama alikataa miti tisa. Alikataa kwa kutikisa kichwa tu, na shauri likaahirishwa kwa wiki mbili ili akafikirie vizuri.

Wiki hiyo nilihangaika kutafuta shahidi. Majirani wa upande wa pili wakasema hawakumbuki. Aliyekuwa mtendaji wa kijiji zamani amehamia Masasi na simu yake haipatikani. Wengine walinikwepa kiungwana, wakinikaribisha ugali wa muhogo na kisamvu halafu wakizungumzia bei ya salfa ya kupulizia mikorosho mpaka jua likazama. Nilianza kuamini kwamba mama yangu alikuwa amepanda miti ile mbele ya kijiji cha vipofu.

Jumamosi mfugaji yule, baba wa ile familia niliyoshindwa kuifukuza, alinijia mwenyewe. Nilikuwa nyumbani kwa mama napepeta mbaazi. Alisimama mbali kidogo, fimbo begani, akasubiri nimwone. Sikumkaribisha. Akaniambia amesikia shauri letu, na kwamba ana karatasi. Akatoa mfuko wa nailoni, ndani yake mfuko mwingine, ndani yake makaratasi manene aliyoyakunja pamoja: vibali vya kuhamisha mifugo, stakabadhi za minada, barua za kila kijiji alichopita. Akaipata aliyoitaka, akanipa.

Ilikuwa makubaliano ya mwaka ule waliofika. Ng'ombe wake walikuwa wamevunja mikorosho sita michanga, iliyopandwa kuziba mapengo kwenye safu ya mpakani, na mama akakubali kumsamehe kwa sharti moja: apande miche sita mingine kwa mikono yake na aimwagilie mpaka mvua zianze. Sikuwa na habari hiyo. Nilijua ng'ombe wameharibu, nikaenda kupiga kelele mkutanoni. Kwamba mama alishamalizana na mtu wake sikujua, na mama hakuona sababu ya kumweleza binti mwenye kelele. Karatasi ilisema miche hiyo iko kwenye shamba la mama, ndani ya mikonge yake. Chini palikuwa na dole gumba la mama, saini ya mfugaji, na saini ya shahidi wa mama. Shahidi wa mama alikuwa jirani. Ndiyo maana barazani mama hakuitaja: yeye hakuwa na nakala, na shahidi wake angekana.

Nilimuuliza kwa nini ameitunza karatasi ya kosa lake mwenyewe miaka yote hiyo. Akasema, "Mwalimu, sisi kila tunapofika tunaambiwa hapa siyo kwetu. Mtu kama mimi akipoteza karatasi, amepotea na yeye." Alisema hivyo bila kunisuta, na mimi ndiye niliyewahi kumwambia kwa mdomo wangu kwamba hapa siyo kwake. Nilimkaribisha akae. Akasema ng'ombe wako peke yao, akaondoka.

Tuliporudi barazani, mjumbe mmoja alipinga kabla karatasi haijasomwa. Akauliza tangu lini mgeni wa juzi akatuonyesha mipaka yetu wazawa. Watu wakanong'ona kumuunga mkono. Nikainamisha kichwa, maana maneno yale yalikuwa yangu, neno kwa neno, niliyafundisha mwenyewe kijiji hiki. Mwanamke mmoja kati ya wajumbe, aliyekuwa kimya siku zote mbili, akasema mti haujui nani mgeni, twendeni tukaone. Tukaenda kwa miguu, ila mama nilimpakia kwenye bodaboda. Mfugaji akatangulia kwenye safu ya kumi na mbili, ng'ambo ya njia, akaonyesha mikorosho sita bila kuchanganya hata mmoja. Ilikuwa myembamba kuliko mingine na gome lake bado laini. Akasema na njia ile pia ni ya kwake, ng'ombe wake ndio walioitengeneza, naye yuko tayari kuwahamishia njia nyingine. Pembeni, chini ya majani makavu, kulikuwa na vichipukizi vya mkonge vimeanza kutoka tena ardhini pale walipong'olewa mama zao. Mkonge haufi upesi.

Jirani akasema karatasi aliisaini bila kuisoma. Mtu anayesoma gazeti la Ijumaa kwa sauti pale kijiweni, akimsahihisha kila anayekosea. Baraza likaandika kwamba mpaka ni mikonge. Wote wakasaini muhtasari isipokuwa yeye. Eti mkono unamuuma, atakuja kusaini siku nyingine. Mwenyekiti akatuombea dua, watu wakatawanyika, na mimi peke yangu nilibaki nimesimama pale nikielewa kilichotokea. Suluhu ambayo mmoja hajaisaini si suluhu. Akiamua, tutaanza upya kwenye kata, tukitoka kata tutapelekwa wilayani, na kesi za ardhi wilayani zinatembea kwa miaka. Hakuhitaji kushinda. Alihitaji kumsubiri mama afe.

Sikubuni hilo. Aliniambia mwenyewe, siku chache baadaye, tulipokutana njiani. Aliniuliza hali ya mama, nikajibu, akasema Mungu amzidishie umri. Kisha akasema, "Wewe ni mtu wa Ruangwa, mwanangu. Mama yako akishaondoka, mikorosho hii nani atakuja kuitazama?" Na akanitakia safari njema.

Wakati huo kijiji kilikuwa kimeanza kupima mashamba kwa ajili ya hati za kimila. Vijana wa ardhi walikuwa wakizunguka na simu za kupimia, wakitembea mipaka pamoja na mwenye shamba. Nikaona dawa ndiyo hiyo: mama apate hati, jina lake liandikwe, mpaka uingie kwenye ramani, tuone atangoja nini. Nikajaza fomu. Kwenye ukurasa wa pili kulikuwa na nafasi nne, mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, na kila nafasi inataka saini ya jirani wa upande huo kukubali mpaka. Niliisoma nikacheka peke yangu kama mwehu. Baada ya yote, haki ya mama yangu ilikuwa imerudi kukaa kwenye kalamu ya mtu yuleyule. Kijana wa ardhi akanieleza kwamba jirani akikataa, shamba linawekwa kando kama lenye mgogoro, na wao wakishapita kijiji hiki hawarudi karibuni.

Walikuwa wamebakiza siku mbili. Asubuhi ya siku ya mwisho niliamka mapema nikaenda safu ya mpakani peke yangu na panga, nikafyeka. Nilifyeka miti yote kumi na minane, na nilipomaliza nyasi nikaendelea kufyeka vichaka visivyo na kosa. Nitasema ukweli, kwa kuwa hakuna faida ya kuandika haya nikijisafisha. Nilikuwa namfikiria yeye. Nilikuwa nimefika mahali ambapo nahesabu hatua kutoka pale mpaka mlangoni kwake, na sikuwa nafikiria kwenda kuamkia.

Mama akanikuta huko, ameletwa na bodaboda, fomu ameikunja ndani ya khanga. Akasema twende. Tukatembea kwa jirani, yeye mbele na fimbo yake, mimi nyuma yake. Mzee alikuwa barazani kwake anakunywa chai na mihogo. Akatukaribisha, mama akakataa kiti. Aliiweka fomu mezani, akaweka na kalamu juu yake, akaongea kwa Kimwera, taratibu, kama anavyoongea na mtu aliyekua naye pamoja. Nilimsikia kila neno.

"Ndugu yangu, saini nikiwa hai," mama akasema. "Unangoja nife, najua. Lakini fikiria vizuri. Leo kati yako na huyu mwanangu niko mimi. Nikifa, hatakuwepo mtu wa kumshika."

Jirani hakumtazama mama. Alinitazama mimi, kwa muda mrefu, kutoka usoni kushuka chini, na nikaona mkono wake umeacha kikombe. Akavuta fomu, akasaini pale palipoandikwa magharibi, na mkono haukumuuma hata kidogo.

Nilidhani mama amemtisha kwa maneno tu, hata nikataka kumsifu. Tulipofika njiani akasimama, akageuka, akanyoosha mkono wake kwangu. Alikuwa analia. Akaniambia nimpe panga.